Mwaka Tuliokata Kitabu kwa Wembe

Mercy alikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi aliposema. Tulikuwa tumekaa kwenye bustani ya hoteli moja mjini Nyeri, wasichana thelathini na kitu wa darasa moja, sasa wanawake, miaka kumi tangu tumalize kidato cha nne, na mtu alikuwa ameanzisha hadithi ya mwaka wa mashetani. Kila darasa lina hadithi yake ya kuchekea likikutana, na yetu ni hiyo. "Kwani mnajua kwa nini nilianguka?" Mercy akasema, akiulamba mfupa. "Nilikuwa nimefunga siku tatu! Kavu, hata maji sikugusa. Si Purity alituambia watu wa CU tufungie mitihani? Yangu ilikuwa njaa tu, jameni!" Wakacheka mpaka mtu akamwaga soda. Purity, aliyekuwa mwenyekiti wa Christian Union, chama cha wanafunzi Wakristo, wakati huo na siku hizi ni mke wa pasta, alicheka akifunika mdomo. Mimi nilikuwa nimempakata binti yangu Shiru, ana miaka miwili, nikimlisha mukimo kwa vidole, na vidole vikasimama. Nikauliza, "Purity, ulijua amefunga?" Akasema, "Aii, Nyambura, si tulikuwa watoto." Sikuwa nimemuuliza tulikuwa nani. Nilimuuliza kama alijua. Akageuka, akaomba apewe kachumbari.

Hakuna aliyemtaja Zuhura. Saa tatu nzima, picha, keki, maombi ya kufungua na maombi ya kufunga, na hilo jina halikutoka kwa mdomo wa mtu hata mmoja, pamoja na wangu. Nilirudi Kerugoya ninakoishi na hasira iliyonifanya nioshe vyombo vilivyokuwa safi. Nimeamua kuandika mwaka ule wa kidato cha tatu ulivyokuwa, kabla haujageuka kichekesho kabisa. Mambo ya kwetu nyumbani nayaacha, hayakuhusika. Waliohusika walikuwa wasichana, kitabu, na watu wazima waliopaswa kuwa na akili.

Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Othaya, na bweni letu lilikuwa la mwisho kabisa, dirisha likitazama mashamba ya majani chai. Ndani liligawanywa kwa mbao zisizofika darini, vitanda viwili vya dabo deka kila chumba, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza unaambiwa pole kutoka chumba cha nane. Mimi nililala juu, Zuhura chini yangu. Mercy alilala kitanda cha pili. Zuhura alitoka Nyeri mjini, Majengo, kwenye nyumba ambayo nyanya mmoja alikuwa Mkikuyu wa Tetu na mwingine hata wao wenyewe walikuwa wanabishana alitoka wapi. Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na Kiswahili chake kilikuwa safi hadi watu wakakishuku. "Huyu anaongea kama redio," walikuwa wanasema. Alikuwa Mwislamu peke yake kidato chetu. Mama wa bweni, tuliyemwita Metroni, alikuwa amempa ufunguo wa stoo ya vyerehani apate mahali pa kusali, na kila akitoka humo kulikuwa na mtu amesimama mlangoni akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Muhula wa pili alikuja na kitabu. Babake alikuwa amemnunulia kwa mzee aliyetandika vitabu vikuukuu kwenye gunia karibu na soko la Nyeri. Hakikuwa na jalada, kilikuwa na muhuri wa maktaba ya nchi za mbali, na karatasi zake zilinuka kama kabati. Mwalimu wa Kiingereza alikichukua, akakifungua katikati, akasema watu walikuwa wanakisoma hicho kabla mama zetu hawajazaliwa, kisha akamrudishia. Nakumbuka sana kwamba alimrudishia. Baadaye mwalimu huyo huyo alisema hajawahi kukiona.

Kilikuwa kuhusu msichana anayeishi katika mji wenye daraja. Ukungu ukishuka mtoni, akilivuka lile daraja hatokei ng'ambo. Anatokea mji uleule, lakini si wenyewe. Nyumba yao ipo, mlango ni uleule, ila anayefungua ni yeye mwingine, mwenye kovu shavuni, au mwenye mume, au asiyejua kusoma. Mamake aliyezikwa huku, kule yuko jikoni anakaanga vitunguu. Dunia sita zimekaa ubavu kwa ubavu, na kila mara anapovuka anaacha kitu na kubeba kingine bila kujua. Zuhura alituhadithia kurasa za mwanzo tukikunja nguo, na kufikia jioni kila mtu wa bweni alikitaka. Aliyewahi kulala shule ya bweni anajua kwamba kitabu kimoja kizuri hakitoshi watu arobaini. Dawa yetu ilikuwa wembe. Unakikata kitabu vipande, kila mtu anapata kipande, mnabadilishana. Zuhura alikataa kwanza. "Nyambura, kitabu si mkate," alisema. Nikamwambia, "Basi kisome peke yako tukiangalia mdomo wako." Akacheka, akanipa. Wembe ulikuwa wake, wa kukata nyuzi za hijabu. Mkono uliokata ulikuwa wangu. Tulipata vipande sita, tukavishona mgongoni kwa uzi wa stoo ya vyerehani na kuvivisha jalada la karatasi ngumu ya manila.

Orodha niliiandika mimi, kwa herufi kubwa ili isomeke: jina, namba ya kipande, na siku ya kukabidhi. Siku ilikuwa Ijumaa kila wiki, kwa sababu Ijumaa jioni kulikuwa na filamu bwaloni na Metroni aliipenda kuliko sisi, kwa hiyo hakuna aliyeangalia nani anampa nani nini. Ukirudisha kipande nakuwekea tiki. Ukimaliza vyote sita nakuwekea msalaba wa kulala, X. Ni Zuhura aliyesema tutumie X, kwa sababu tiki zilikuwa zimejaa. Hayo tu. Nimeyaandika polepole kwa sababu kuna watu waliokaa nayo wiki tatu na hawakuyaelewa.

Hakuna aliyesoma kwa mpangilio. Mimi nilianza na cha nne, Mercy na cha pili, na tulikaribia kupigana kwenye karai la kufulia. "Mamake amekufa," nikamwambia. "Nimesoma mazishi mimi." Mercy akasema, "Amekufa wapi? Mbona jana alikuwa anampiga kwa mwiko?" Zuhura alikuwa anasuuza soksi. Akasema, "Nyinyi wote mko sawa, sasa leteni sabuni." Ilituchukua siku mbili kuelewa, na tulipoelewa nilienda nikakaa nyuma ya jikoni peke yangu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba watu wawili wanaweza kubishana na wote wawe wameona. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amenifundisha kitu kikubwa hivyo. Kisha Julai ikaja na ukungu wake. Asubuhi ulikuwa unatoka bwenini huoni darasa. Tulishikana mikono, mimi, Zuhura na Mercy, tukipapasa njia, Mercy akisema, "Tukitokea upande ule, mimi nataka dunia yenye chapati." Wasichana waliopita karibu walitusikia. Huko mbele hayo maneno yalirudiwa ofisini, na chapati ikatolewa.

Mercy alianguka gwaride la Jumatatu. Bendera ilikuwa nusu njia. Alianguka mbele, bila kuweka mikono, na sauti ya kidevu chake kwenye kokoto naisikia hadi leo. Purity alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga magoti, akamshika kichwa, akaanza kukemea mashetani kwa sauti. Yeye ndiye aliyemwambia afunge. Wanachama wake wawili walikuwa wamefunga pamoja na Mercy, na wao pia walianguka kabla ya chakula cha mchana. Angesema tu, "Madam, hawa hawajala tangu Ijumaa." Maneno hayo hata hayajazi mdomo. Nimejiuliza tangu siku ya hoteli kama aliogopa kulaumiwa au kama aliamini kweli kwamba njaa aliyoileta yeye ililetwa na mwingine, na sijui ni lipi baya zaidi.

Alasiri Metroni na deputi, mwalimu mkuu msaidizi, mwanamke mrefu aliyetembea na rula ya mbao kama kiboko, walipekua bweni. Tulisimama nje kwa mistari, magodoro yakitupwa. Walipata vipande vyote sita ndani ya magodoro, vimeshonwa kwa uzi mwekundu. Walipata wembe kwenye sanduku la Zuhura. Na chini ya godoro lake, kwa sababu nilikuwa naitupia huko kila nikimaliza kuiandika, walipata orodha: majina ya wasichana ishirini na tatu, namba, Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa, na kando ya majina matatu, X. Jina la Mercy lilikuwa na X. Deputi aliisoma mara mbili, kisha akaishika kwa ncha za vidole, mbali na mwili. Huyo mwanamke hakuwa anaigiza. Aliogopa kweli. "Na Ijumaa ni siku ya nani hapa?" akauliza. Vichwa viligeuka vyote upande mmoja, na changu kiligeuka na vingine.

Wiki tatu zilizofuata shule ilikuwa kama nyumba yenye nyoka ambaye hajaonekana. Mandazi ya kutoka nyumbani yalitupwa. Wasichana walihesabu nywele zilizobaki kwenye vitana. Nikiwa chooni niliwasikia wawili kwenye mabomba. "Ati hiyo stoo iko na mlango ya pili." "Wacha!" "Haki ya Mungu. Na hataki mtu aguse mkeka yake." "Na Nyambura je?" "Huyo amelala juu yake mwaka mbili. Hata akiwa mzima, si mzima." Nilikaa humo mpaka kengele ikalia. Mnataka niseme kwamba nilijua ukweli, kwa hiyo sikuogopa. Niliandika orodha mimi mwenyewe, nilijua kila herufi. Lakini kila mtu mzima uliyemwamini akiogopa karatasi, karatasi inabadilika mkononi mwako. Nilianza kujiuliza: ni nani aliyesema tutumie X? Kwa nini alinihimiza nianze na kipande cha nne, chenye mazishi? Kwa nini ananiuliza kama nimelala vizuri? Nilihamisha godoro langu kwenye chumba kingine. Nilimwambia Zuhura ni kwa sababu ya baridi ya dirisha. Akanisaidia kulibeba. Alishika upande mzito.

Ofisini walimhoji Zuhura kila siku baada ya masomo. Swali lilikuwa moja: nani aliandika orodha? Alisema kitabu ni chake, wembe ni wake, na ni orodha ya kusoma. Aliyeandika hakumtaja. Basi wakaamua ni yeye. Siku ya ishirini na moja walimwita babake, Mzee Salim, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Nilimwona akivuka uwanja na kofia yake ya mshono, akisalimia kila msichana aliyepita, na wasichana wakipisha kama moto. Hapo ndipo kitu kiliponisukuma. Nikaingia ofisini bila kubisha.

Ndani walikuwa deputi, pasta mmoja mgeni, na Purity akiwakilisha wanafunzi. Zuhura na babake waliketi kwenye benchi ukutani. Nikasema, "Ni mimi niliandika. Na ni mimi nilikata kitabu. Ilikuwa foleni ya kusoma, Madam." Deputi akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo niliyopaswa kuikimbia. "Unaona, Pasta?" akasema. "Ameanza kutumia wengine." Nikaomba kalamu niandike jina moja, walinganishe. Niliandika MERCY, herufi kubwa, zilezile. Pasta akaangalia, akasema roho inaweza kuiga mkono wa mtu. Wakanipigisha magoti. Mikono mitatu ikaja kichwani mwangu, na mmoja ulikuwa wa Purity, ulikuwa na unyevu. Wakaomba. Sijui ni muda gani, lakini magoti yalikufa ganzi, na kila nikisema ni mimi sauti zao zilipanda. "Sema jina lake! Ukisema utakuwa huru! Ni Zuhura amekutuma?" Kelele zilikuwa nyingi, nilikuwa nalia, nilitaka kusimama. Nikasema ndio.

Wakaondoa mikono, na deputi akanipa kitambaa chake cha mkononi. Nilipofungua macho Zuhura alikuwa ananiangalia bila hasira yoyote, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Mzee Salim alisimama, akavaa viatu alivyokuwa amevivua mlangoni kwa heshima, na akamwambia bintiye, "Kachukue sanduku lako, mama." Kisha akanigeukia na kusema, "Pole, mwanangu." Nina mtoto sasa. Nimejaribu kufikiria mtu akimfanyia Shiru nilichomfanyia Zuhura, na mimi nimwambie pole. Siwezi. Ningevunja hiyo ofisi.

Vipande walivichoma nyuma ya jikoni. Mimi nilisimamishwa mbele ya CU nikatoa ushuhuda wa kukombolewa, wasichana wakapiga makofi, na mwaka uliofuata nikafaulu vizuri kiasi. Watu hupenda kusema labda kuna dunia nyingine ambako ulisimama imara. Hata mimi nimejaribu kujifariji hivyo, na kitabu chenyewe kilinipa ruhusa. Lakini Zuhura hakwenda kuishi kwenye hiyo dunia. Aliishi hii hii, kilomita chache kutoka nilipokuwa, na nilipita mtaa wao mara nyingi nikiangalia upande wa pili.

Jumatano baada ya mkutano nilimfunga Shiru mgongoni nikaenda Nyeri. Duka lipo palepale, mapazia yakining'inia hadi barabarani. Zuhura alikuwa anapima kitambaa kwa mteja, ana miwani, amenenepa kidogo, rula ya mita mkononi. Alinitambua mara moja. Akamaliza na mteja, akamshukuru, kisha akasema, "Unataka nini, Nyambura?" Si karibu, si habari. Nikamwambia Mercy amesema nini hotelini. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Aliweka rula chini.

"Siku tatu?" akauliza. "Na huyo mwenyekiti alijua?"

"Alijua."

Alikunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Baba alifariki mwaka juzi," akasema. "Hakuniuliza hata siku moja. Lakini tangu siku ile hakuleta kitabu tena nyumbani, hata cha dini, bila kukifungua kila ukurasa kwanza. Aliniamini, sawa. Lakini alikuwa anaangalia. Miaka yote hiyo, na ilikuwa njaa." Akaisogeza rula kando. "Na mimi mwandiko nilijua ni wako. Ningesema tungefukuzwa wawili. Nilifikiri wewe ukibaki utawaeleza polepole."

Nikaanza kuomba msamaha. Akainua mkono. "Usiniombe msamaha kwa duka. Hapa hakuna aliyeniita shetani. Uko kwenye hiyo group yao ya simu? Basi waambie huko. Anza na jina lako." Niliandika hapohapo, simu juu ya robota la kitambaa, Shiru akivuta pindo la pazia. Niliandika kwamba orodha ilikuwa yangu, wembe niliushika mimi, Mercy alikuwa na njaa na Purity alijua, na kwamba Zuhura Salim hakufanya kosa lolote ila kusoma. Niliandika kwamba mimi ndiye niliyemtaja, kwa sababu nililazimishwa. Zuhura alisoma akiwa amesimama begani mwangu. Akaweka kidole kwenye kioo. "Toa hiyo," akasema. "Nililazimishwa. Toa." Nikaitoa. Sentensi ikabaki fupi, na mbaya, na ya kweli. Nikatuma.

Tulingoja. Walisoma kumi, wakasoma ishirini, wakasoma wote. Mercy alianza kuandika, akaacha. Mwishowe Purity akajibu: "Wapendwa, tumweke Nyambura kwenye maombi. Anapitia mambo mazito na adui anamtumia. Tusimjibu." Chini yake amina zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, nikahesabu kumi na nne kisha nikaondolewa kwenye group.

Zuhura alichukua simu akasoma tena tangu juu. Bega lake likaanza kutikisika, na kwanza nilifikiri analia. "Haya," akasema, akijifuta macho chini ya miwani. "Sasa mashetani ni yako." Mteja mwingine alikuwa ameingia na anaulizia neti. Zuhura alivuta kiti cha plastiki kutoka nyuma ya kaunta, akakipangusa, akakisukuma kwangu kwa mguu bila kuniangalia. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikakaa.